Uso wa Mtoto Wasema Nini?

Mtoto azaliwapo Kolwezi, awe wa Manika au wa Dilala, wa Kasulo au wa Musonoi, akina mama wajao kumpongeza mzazi hawaketi kwanza. Humfunua mtoto uso na kuanza kutafuta: pua hii ni ya nani, paji hili la uso ni la nani, masikio haya yametoka kwa babu yupi. Desturi hii ni njema, nayo ni ya watu wote duniani. Lakini ziko siku ambapo kitambaa hufunuliwa, wageni hutazamana, na hakuna asemaye neno. Macho ya mtoto yamepanda kwenda juu, au mdomo umepasuka, au pua haikukaa mahali pake. Maneno huanza baadaye, nje ya mlango: “Huyu amefanana na nani?”

Swali hilo si baya. Madaktari nao huliuliza kila siku, kwa namna yao, na mara nyingi uso huwapa habari ya moyo, ya damu au ya ubongo kabla hawajamgusa mtoto kwa chombo chochote. Ubaya ni majibu yatolewayo nje ya mlango. Katika miji yetu ya shaba mama husingiziwa uzinzi, nyanya husingiziwa ulozi, na mtoto mwenyewe, ambaye pengine ana moyo mgonjwa uwezao kutibiwa, hukaa miezi katika chumba cha maombi cha mtu ajiitaye nabii. Ndiyo sababu tumeona yafaa, ndugu wasomaji, kueleza yale ambayo uso waweza kuyasema, na yale usiyoweza.

Vipande vitano

Uso wa mwanadamu hauoti wote kwa pamoja. Tumboni mwa mama, katika juma la nne, kuna vipande vitano vidogo vizungukavyo mahali patakapokuwa kinywa. Kimoja chatoka juu, nacho kitaleta paji la uso na pua. Viwili vyatoka pembeni, navyo vitaleta mashavu na taya la juu. Viwili vya mwisho ni vya chini, vitakavyokuwa taya la chini na kidevu. Vipande hivyo husogeleana, hukutana na kushikana, na kufikia juma la nane uso wa mtu waweza kutambulikana, ijapokuwa kiumbe chenyewe hakijazidi urefu wa kidole gumba. Kaakaa hufungwa majuma machache baadaye. Msomaji apapase kwa kidole ule mfereji mdogo ulio kati ya pua na mdomo wake wa juu: hapo ndipo vipande vilipokutana, na kila mmoja wetu huitembeza alama hiyo maisha yake yote.

Vipande visipokutana, mtoto huzaliwa na mdomo uliopasuka, upande mmoja au pande zote mbili, na pengine kaakaa nalo likabaki wazi. Watu huuita mdomo wa sungura. Twasikia ikisemwa kwamba mama alimcheka kilema alipokuwa mja mzito, au kwamba alikula nyama aliyokatazwa. Lakini tazameni tarehe. Kazi ile ya kuunganisha mdomo hufanyika katika majuma ambayo wanawake wengi hawajajua bado kwamba wana mimba. Aliyecheka katika mwezi wa sita alicheka wakati uso ulikuwa umekwisha kutengenezwa zamani.

Jambo la pili latufaa zaidi. Katika siku zile zile uso unapoungwa, ubongo nao unagawanyika, na moyo unajikunja na kugawanya vyumba vyake. Tena, chembe zitokazo kandokando ya ubongo unaoanza ndizo zisafirizo kwenda kujenga mifupa ya uso, na nyingine za jamii hiyo hufika hata moyoni. Basi kosa likitokea katika ujenzi, mara nyingi halikai chumba kimoja. Mwaka 1964 waganga wa Marekani waliandika katika gazeti lao la tiba kwamba uso hutabiri ubongo. Walikuwa wakisema juu ya watoto ambao ubongo wao haukugawanyika nusu mbili: macho yao hukaribiana mno, pua huwa na tundu moja tu, na katika hali iliyo mbaya kabisa jicho ni moja katikati ya paji la uso. Watoto wa namna hiyo iliyo kali hawaishi siku nyingi. Tutarudi kwao, maana Katanga imeandikwa katika habari zao.

Katika mambo yawezayo kuuharibu mjengo huo wa mwanzo liko moja tulijualo vizuri, nalo ni pombe. Mfaransa mmoja wa Nantes, Daktari Lemoine, alilieleza mwaka 1968, na Wamarekani wakaja kulieleza tena mwaka 1973. Mtoto wa mama anywaye sana huweza kuzaliwa na macho mafupi, mdomo wa juu mwembamba, na ule mfereji wa chini ya pua ukiwa umefutika, laini kama karatasi. Kufutika kwake si kitu. Mtu aweza kuishi bila mfereji. Kitu ni kwamba mtoto huyo atapata shida ya kusoma, kukumbuka na kutulia, wala shule haitaweza kuliondoa kosa hilo. Lutuku inayopikwa nyuma ya nyumba zetu haina chupa iliyoandikwa onyo. Tunaliandika sisi.

Nyuso zetu na vitabu vya Wazungu

Mwaka 1866 mganga Mwingereza, John Langdon Down, aliandika juu ya watoto aliowatunza, waliofanana wao kwa wao kuliko walivyofanana na ndugu zao wa tumbo moja. Uso wao ni bapa kidogo, macho yamepanda kwa nje, masikio ni madogo, ulimi hutoka kinywani, na shingo yao fupi ina ngozi iliyozidi nyuma. Viganja vingi vina mstari mmoja tu uvukao toka upande hata upande. Viungo vyao ni vilegevu. Ukimwinua mtoto wa namna hiyo wahisi kama atakuponyoka.

Alichokiona Down kilikuwa kweli. Alivyokieleza, alikosea vibaya. Wazungu wa karne ile walipenda kuyapanga mataifa kwa nyuso, kutoka la juu hata la chini, naye akasema watoto hao wamerudi nyuma kufanana na taifa la Wamongoli. Jina hilo likawakaa karibu miaka 100, mpaka Mongolia yenyewe ilipoomba liachwe, na Shirika la Afya Duniani likaliacha mwaka 1965. Katika miaka ile ile ya Down, Mwitalia Cesare Lombroso alikuwa akipima mataya na mapaji ya wafungwa, akidai kwamba mwizi na mwuaji hujulikana kwa sura. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876. Hakuna kilichobaki katika elimu yake. Uso waweza kutuambia kwamba moyo una tundu. Hauwezi kutuambia kwamba moyo una wivu, wala kwamba mtu ni wa kabila lililo bora.

Sababu ya kweli ilionekana Paris mwaka 1959, na Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin. Kila chembe ya mwili wetu ina nyuzi 46 za urithi, ziitwazo kromosomu, zipangwazo mbili mbili. Watoto hawa wanazo 47: ile ya namba 21 ni tatu badala ya mbili. Ndiyo maana hali yao yaitwa trisomia 21. Huwapata watoto wa mataifa yote, karibu mmoja katika 700 hadi 1,000. Hatari huongezeka mama azaapo baada ya miaka 35, lakini wengi huzaliwa na mama vijana kwa kuwa vijana ndio wazaao zaidi. Hakuna aliyekosa, wala mume wala mke. Na karibu nusu ya watoto hawa wana kasoro ya moyo. Hapo ndipo uso wa mtoto unapotuita twende tukausikilize moyo huo kabla ya kuchelewa.

Sasa twafika mahali ambapo habari hii yawa yetu wenyewe. Mwanafunzi wa uganga hujifunza dalili za uso kwa picha, na picha za vitabu vyake, kwa miaka mingi, zilikuwa karibu zote za watoto wa Ulaya na Marekani. Kitabu chamwambia atafute pua iliyolala na mdomo mkubwa. Lakini hapa kwetu pua iliyolala na midomo minene ni uso wa mtoto mzima wa kila siku, na mama yake, na padre wa parokia yake pia! Mganga aliyesomea vitabu hivyo aweza kuona ugonjwa pasipo na ugonjwa, au, ndilo litokealo zaidi, kuupita ugonjwa bila kuuona.

Waganga wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, Aimé Lumaka na Prosper Lukusa Tshilobo, pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, walilipima jambo hili, na mwaka wa 2017 wakalitangaza. Walionyesha kwamba kutambuliwa kwa dalili za uso hutegemea mgonjwa ametoka wapi, na kwamba hutegemea pia anayemtazama ametoka wapi. Tena waliijaribu Face2Gene, programu ya kompyuta inayotazama picha ya uso na kutaja ugonjwa. Katika watoto wa Kibelgiji wenye trisomia 21 iliwatambua 80 kwa 100. Katika watoto wa Kikongo iliwatambua 36.8 kwa 100 tu. Mashine haikuwa na chuki. Ilikuwa haijaona nyuso zetu. Walipoifundisha kwa picha za watoto wa Kongo, ilifika 94.7 kwa 100. Wanafunzi wetu wapendao kompyuta wauweke mfano huo akilini: chombo chajua kile kilichofunzwa, na asiyepeleka picha zake asishangae chombo kisipomwona.

Mwaka 2016 taasisi ya serikali ya Marekani ya elimu ya urithi nayo ilianza kukusanya picha za magonjwa haya kutoka mataifa mengi, ili mganga aliye mbali aweze kulinganisha mtoto wake na mtoto wa nchi iliyo kama yake. Kazi njema, ijapokuwa ilikawia. Lakini mkunga wa Kolwezi hahitaji kungoja kompyuta. Atazame macho na masikio kuliko pua. Atazame kiganja na nafasi iliyo kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili. Amwinue mtoto aone kama ni mlegevu. Akiwa na shaka, amtume kwa daktari akasikilizwe moyo.

Nyuso zinazobadilika

Mpaka hapa tumesema juu ya watoto wanaozaliwa na alama. Wako wengine ambao uso wao hugeuka baadaye, na kwa hao uso ni kama saa: huonyesha muda uliokwisha kupotea.

Wa kwanza ni watoto wenye ugonjwa wa damu ambao mjini huitwa “SS”. Kongo ni nchi ya tatu duniani kwa wingi wa watoto wazaliwao nao, baada ya Nigeria na India, na kila mtaa wa Kolwezi una nyumba iujuayo. Siku ya kuzaliwa mtoto wa SS hana alama usoni hata kidogo. Baadaye, kwa kuwa chembe zake nyekundu hujipinda kama mundu na kufa upesi, uboho ulio ndani ya mifupa hulazimika kufanya kazi mara nyingi zaidi ili kutengeneza damu mpya. Uboho hupanuka, nao husukuma mfupa. Paji la uso huvimba kwenda mbele, mifupa ya mashavu huinuka, taya la juu hutokeza na meno hutengana. Macho huwa ya manjano. Twawasikia watu wakisema kwamba watoto hao wote wana sura moja na kwamba sura hiyo ni ya laana. Si ya laana. Ni sura ya upungufu wa damu uliokaa miaka bila matunzo. Mtoto aliyejulikana mapema kwa tone la damu la kisigino, akapewa penisilini, chanjo, kinga ya malaria, na dawa iitwayo hidroksiurea mganga akiona yafaa, aweza kukua vema kuliko wale waliomtangulia. Nanyi vijana mnaotaka kufunga ndoa, pimeni damu kabla ya mahari. Wazazi wawili walio AS wana hatari ya mtoto mmoja wa SS katika kila wanne, kila mimba.

Wa pili ni mtoto ambaye taya lake lavimba ghafula na meno yake yalegea. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe katika pande zote za mataya. Hakuuelewa. Baada ya muda alimwona wa pili mahali pengine, akaanza kuuliza. Alitangaza habari hizo mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na waganga wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu wakatembea karibu maili 10,000 kupitia hospitali za Afrika ya mashariki na ya kusini, wakionyesha picha za nyuso na kuuliza: mmewaona watoto kama hawa? Walipoyaweka majibu katika ramani, ugonjwa ulifuata joto na mvua, kama malaria ifuatavyo. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake huko London waliona kirusi ndani ya uvimbe huo. Ni saratani, naam, lakini ni katika saratani zisikiazo dawa upesi, mradi mtoto afike mapema. Tunaipenda safari ile kwa sababu haikuhitaji mashine yoyote. Ilihitaji macho, picha na uvumilivu wa barabara mbaya.

Mengine twayataja kwa kifupi. Uso uliovimba na kung'aa, nywele zikigeuka rangi ya kutu, ni njaa ya chakula cha kujenga mwili, kwashiorkor, ambayo ndugu zetu wa Kivu huiita bwaki. Jirani husema mtoto amenenepa kumbe anakufa. Uso mzito, ulimi mnene na akili iliyochelewa ni ukosefu wa madini ya ayodini, ulioonekana sana kisiwani Idjwi katika ziwa Kivu, nao huzuiwa kwa chumvi tu. Kidonda cha ufizi kinachonuka kwa mtoto dhaifu aliyetoka kuugua surua chaweza kuwa noma, nayo hula shavu katika siku chache; kwa ugonjwa huo mtu asingoje hata kesho. Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwezi wa Desemba 2023.

Vumbi la Kingamyambo

Msomaji wa Kolwezi hahitaji kuelezwa Kingamyambo ni nini, lakini gazeti hili husomwa pia mbali. Ni mahali karibu na mji ambapo mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa yalimwagwa tangu miaka ya 1950, wakati wa Union Minière na kisha wa kampuni ya serikali, Gécamines. Pamoja na yale ya bonde la mto Musonoi ni zaidi ya tani milioni 100. Bado yana shaba na kobalti ndani, na tangu mwaka 2018 yanachotwa na kuoshwa upya kiwandani. Wakati wa kiangazi upepo wa nchi hii haubagui: huchukua vumbi la machimbo, la barabara za malori na la mabaki, ukaliweka juu ya mboga, juu ya nguo zilizoanikwa na ndani ya ndoo za maji.

Je, vumbi hilo lina neno na nyuso za watoto wetu? Hapa yapasa kwenda polepole, maana wako wapendao kusema ndiyo kwa haraka, na wako wenye fedha wapendao kusema hapana.

Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wengine, walitangaza vipimo vya mkojo wa watu 351 wa kusini ya Katanga. Wale waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka machimbo au viwanda walikuwa na kobalti nyingi kuliko ilivyopata kuandikwa popote duniani kwa watu wa kawaida, wasio wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 2018 wakaleta habari za mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, ambako tangu mwaka 2014 watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Wakaaji wa Kasulo, na hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi mno katika damu na mkojo, na kwa watoto ilionekana hata dalili ya madhara katika urithi ulio ndani ya chembe.

Ndipo wakauliza habari za watoto wazaliwao na kasoro. Kati ya Machi 2013 na Februari 2015, huko Lubumbashi, walichukua watoto wachanga 138 wenye kasoro zionekanazo kwa macho, wakawalinganisha na 108 wasio nazo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Baba akiwa na kazi ihusuyo machimbo, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro ulikuwa kama mara 5.5. Mama aliyekunywa vidonge vya vitamini wakati wa mimba alikuwa na hatari ndogo, kama sehemu moja ya tano. Mama mwenye kazi ya mshahara nje ya nyumba alikuwa na hatari iliyozidi, kama mara 2.8. Lakini walipoyapima madini yenyewe katika damu, hesabu haikunyoka: kobalti haikuonyesha uhusiano, ila manganizi na zinki katika damu ya kitovu ndizo zilizoonyesha kitu. Na ile hesabu ya 5.5 haina uhakika mwembamba. Wenyewe waliandika kwamba kweli yake yaweza kuwa popote kati ya 1.2 na 25.

Katika mwaka 2019 wengine wa Lubumbashi, wakiongozwa na Tony Kayembe-Kitenge, waliandika juu ya wale watoto tuliowataja, ambao ubongo haukugawanyika na uso ukakaa bila umbo lake. Ni ugonjwa wa nadra sana, nao walishangaa kuwapata kadhaa katika mji mmoja ulio katikati ya uchafu wa machimbo. Hawakusema kwamba wamekwisha kupata sababu.

Kwa maoni yetu, mwenye busara hangoji hukumu ya mwisho ya hesabu hizo ili kufua suruali. Baba atokaye machimboni aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto, na nguo za kazi zisifuliwe katika beseni la nepi. Mifuko ya mawe isilale ndani ya nyumba. Mama mwenye mimba asioshe madini mtoni. Twajua kwamba wako wengi waoshao, na twajua pia ni njaa iwapelekayo, wala si ujinga. Vidonge vya chuma na asidi ya foliki vitolewavyo katika kliniki ya wajawazito vinywewe, na ingefaa vianzwe hata kabla ya mimba, kwa sababu ya zile tarehe tulizozitaja. Lakini kaya moja yenye sabuni haiwezi kuzuia vumbi la mji mzima. Wenye viwanda na wenye serikali wanalo deni la kupima hewa na maji, na la kutuonyesha vipimo hivyo kwa lugha tuisomayo.

Mtoto si mlozi

Wako wasomaji watakaosema: haya yote ya kromosomu na kobalti ni mazuri, lakini jirani yangu amekwisha kumtaja mlozi, na ni mtoto mwenyewe. Ni lile swali la kale ambalo wanafunzi waliliuliza juu ya kipofu wa kuzaliwa, nani aliyekosa. Jibu walilopewa limo katika sura ya 9 ya Injili ya Yohane. Na sheria ya nchi imesema waziwazi. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumsingizia mtoto ulozi, na sheria ya kulinda watoto ya mwaka 2009 yamwadhibu afanyaye hivyo, awe mjomba au awe mchungaji mwenye kipaza sauti.

Hata hivyo twaona kwamba watoto wengi hawafi kwa kusingiziwa. Hufa kwa kufichwa. Mama mwenye haya humfunika mtoto, haendi kliniki siku ya kupima uzito, haendi kanisani, na mtoto hafikiwi na mtu ambaye angaliusikia moyo wake ukivuma. Mume hasemi neno, naye kwa kunyamaza aukubali uvumi. Nyanya, ambaye neno lake nyumbani ni kubwa kuliko la daktari, angeweza kuyamaliza yote kwa kumbeba mjukuu mgongoni, uso wazi, na kupita naye sokoni mchana.

Kwa mdomo uliopasuka, ambao ndio wenye tiba iliyo wazi kuliko yote, mambo yako hivi. Mtoto huyo hawezi kunyonya kwa nguvu, na kaakaa likiwa wazi maziwa hupitia puani. Akamuliwe maziwa ya mama katika kikombe safi, anyweshwe polepole akiwa ameinuliwa kichwa, acheulishwe, na apimwe uzito kila juma. Akifikia majuma 10 au zaidi, na kilo 4 na nusu hivi, na damu yake ikiwa ya kutosha, mdomo waweza kushonwa. Kaakaa hungojewa mpaka karibu na mwaka, kabla hajaanza kusema.